"Bon marché": si soko zuri, ni bei poa

Ukilitafsiri neno kwa neno utapata "soko zuri", na hapo ndipo wengi wetu tuliohamia Ufaransa huteleza. Marché, lenye asili ya Kilatini mercatus, zamani halikuwa soko la nyanya tu, lilikuwa pia mapatano ya kuuziana. Kununua à bon marché kulikuwa kununua kwa mapatano yaliyokuangukia vizuri. Maana hiyo haijafa. Mkielewana bei ya baiskeli ya mtumba, utasikia marché conclu, yaani tumemalizana. Na ile nyongeza anayokutupia muuza mboga baada ya kulipa ndiyo par-dessus le marché, "juu ya mapatano", ingawa siku hizi husemwa zaidi kwa kulalamika: kachelewa, na par-dessus le marché kaja mikono mitupu.

Bon marché halibadiliki hata kwa wingi: des chaussures bon marché, viatu vya bei poa. Nafuu zaidi ni meilleur marché. Mitaani, hata hivyo, utasikia zaidi pas cher, "si ghali". Na usisifie pazia za mwenyeji wako kuwa bon marché. Neno linaweza kunuka uhafifu. Kitu kizuri kilichopatikana kwa bei ndogo ni une bonne affaire.

Jina lisikupoteze pia. Duka la Le Bon Marché, lililo mtaa wa rue de Sèvres, Paris, lilipata sifa baada ya mfanyabiashara Aristide Boucicaut kuingia ubia mwaka 1852: bei zimebandikwa, na bidhaa usiyoipenda unairudisha. Leo ni mali ya LVMH, kundi la kampuni za bidhaa za anasa, na ni duka la kifahari. Sufuria za kuanzia maisha usizifuate huko. Nguo subiri soldes, misimu ya punguzo la bei, za Januari na za mwishoni mwa Juni, wiki 4 kila msimu. Ndipo sheria inaporuhusu maduka kuuza hata kwa hasara.

Kupatana bei dukani ni kujisumbua. Lakini kwenye vide-grenier, watu wanapouza vitu vyao vya darini, uliza kwa tabasamu: "Vous me faites un prix ?", yaani utanipunguzia bei? Sokoni mimi huenda saa saba mchana, meza zinapokunjwa. Jumapili iliyopita muuzaji hakutaka kurudi na nyanya zilizolainika. "Allez, deux euros !" Haya, euro mbili! Kreti nzima, na fungu la kotmiri par-dessus le marché.