Mionzi Isifunike Uzembe wa Shambani

Mwaka 2007 maembe ya India yalianza kuingia Marekani yakiwa yamepitishwa kwenye mtambo wa mionzi wa Lasalgaon, jimbo la Maharashtra, kwa kipimo cha greyi 400 (greyi ni kizio cha kupimia mionzi iliyofyonzwa na kitu). Waliolengwa ni wadudu waharibifu, nzi wa matunda wakiwemo. Kipimo hicho hakimuui kila funza papo hapo; humzuia asikue akazaa. Kwa hiyo embe linaweza kuwa na vyeti vyote, nawe ukilikata ukakuta funza anajinyonganyonga karibu na kokwa. Kwa kanuni za karantini, yaani za kuzuia wadudu wageni wasienee nchini, mzigo huo hauna tatizo. Mimi ningedai hela yangu.

Hofu ya kwamba chakula chenyewe hugeuka kuwa cha mionzi haina msingi. Miale ya kobalti-60, metali inayotoa mionzi kwenye mitambo hiyo, hupita tu, na tangu mwaka 1980 jopo la wataalamu wa mashirika ya kimataifa ya chakula (FAO), nguvu za atomiki (IAEA) na afya (WHO) lilikubali kuwa kipimo cha hadi kilogreyi 10, yaani greyi 10,000, ni salama kwa chakula. Vitamini C na B1 hupungua kiasi. Dhuluma ni kumpelekea mlaji mazao machafu kwa kutegemea kwamba mtambo utayasitiri.

Mwenye maembe aokote yaliyoanguka kila siku, ayafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki na kuuacha juani hadi funza wafe. Kuyarundika chini ya mti ni kuwafugia nzi msimu ujao. Afanye hivyo hata kama mnunuzi ana mtambo wake.

Kwenye mahindi na karanga ndiko hatari ilipo hasa. Mionzi huua kuvu, lakini sumukuvu, yaani sumu ambayo kuvu hao wamekwisha kuitengeneza, hubaki pale pale. Anika juu ya turubai, si kwenye udongo. Mahindi yafike unyevu wa asilimia 13, karanga 7, ndipo uweke ghalani. Punje zilizooza zichambuliwe na zitupwe. Zisichanganywe na nzima, wala kuku wasilishwe.

Halafu kuna lebo. Marekani na Umoja wa Ulaya hulazimisha bidhaa iandikwe kuwa imepigwa mionzi, na ni haki, maana anayekula ndiye mwenye kuamua. Nasi wakulima inatuhusu: viazi na vitunguu hupigwa mionzi makusudi visichipue. Muuzaji akinyamaza, mtu anaweza kuvipanda akapoteza msimu mzima. Mbegu ya viazi inunuliwe kwa wazalishaji wa mbegu, si kwenye gunia la sokoni.