Kuchagua vibanio vya ski ukiwa mtu wa kupanda kwa lifti

Kigoma haina theluji, lakini ina ndugu wengi walioko kwenye theluji: familia zilizotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kwenda Marekani na Kanada, na vijana walioko masomoni Ulaya. Wengine wameshajifunza kuteleza kwenye theluji kwa ski, zile mbao mbili ndefu za miguuni, sasa wanataka kununua zao, na picha zinatumwa hadi Mwanga na Ujiji: "Nichukue ipi?" Mwongozo huu ni kwa wanaouliza na wanaoulizwa.

Kibanio ni mtambo uliofungwa juu ya ski, unaoshika buti na kuliachia ukianguka, kabla mguu haujavunjika. Cha kawaida hushika kisigino muda wote. Cha kupandia huachia kisigino ili utembee kupanda mlima, ngozi maalumu zikiwa zimebandikwa chini ya ski zisirudi nyuma. Ukifika juu unafunga kisigino na kushuka.

Jiulize kwanza: katika siku kumi, ngapi utapanda kwa miguu? Kama ni mbili au tatu, na zilizobaki ni lifti, yaani mtambo wa kamba unaokupandisha mlimani, chagua kwa ajili ya kushuka. Mchukuzi wa mawese anayeteremka mlima na madumu kwenye baiskeli hukagua breki kwanza. Wepesi wa fremu baadaye. Kwa lifti utateremka mara nyingi kwa siku, kwa kasi, kwenye theluji iliyoshindiliwa ikawa ngumu.

Ndiyo maana vibanio vya pini tupu hatuvipendekezi kwa mtu huyu. Mfumo huo ulibuniwa na Fritz Barthel wa Austria miaka ya 1980: pini mbili za chuma huingia kwenye matundu pembeni mwa ncha ya buti. Vingi vina gramu 250 hadi 400 kwa mguu, raha tupu kwenye kupanda. Lakini havina mchezo wa springi wa kutosha kumeza mishtuko ya theluji ngumu, na vingi huachia kwa upande kupitia kisigino tu, si mbele.

Vya fremu hubeba buti zima juu ya reli inayoinuka na kisigino. Jozi hufika kilo 2 hadi 2.8, na kila hatua unaiinua reli hiyo. Faida yake ni moja na ni kubwa: havihitaji buti lenye matundu ya pini. Mwenye buti la kawaida anayepanda nusu saa mara chache kwa msimu vinamtosha.

Chaguo letu kwa siku nane za lifti kati ya kumi ni kibanio mseto: pini za kupandia, na taya (sehemu zinazoshika buti) kamili za kawaida za kushukia. Salomon na Atomic walitoa Shift mwaka 2018, jozi ikiwa na kama kilo 1.7 hadi 1.8. Marker Duke PT ni kizito zaidi. Taya yake ya mbele huchomolewa ukipanda na kuwekwa begini. Kinamfaa mtu mzito au anayeshuka kwa nguvu. Marker Kingpin na Fritschi Tecton zina pini mbele hata wakati wa kushuka, na kisigino cha kawaida nyuma. Hizo ni za mtu ambaye siku zake za kupanda zinakaribia nusu.

Kabla ya kulipa, geuza buti usome soli. ISO 5355 ni soli ya kawaida, ISO 9523 ni ya kupandia yenye mpira, na GripWalk, soli ya buti la kushukia iliyorahisishiwa kutembea, huandikwa hivyohivyo. Kibanio lazima kiwe kimeidhinishwa kwa soli hiyo. Soli ya mpira kwenye kibanio kisicho chake hung'ang'ania, buti haliachii, na goti ndilo linalolipa.

Namba ya kuachia, yaani nguvu ambayo kibanio huhitaji ili kiachie, wengi huiita DIN. Hutokana na uzito, urefu wa mtu, umri, urefu wa soli na uwezo wako. Usiazime ya rafiki. Nunua kibanio ambacho namba yako inakaa katikati ya kipimo chake. Shift inayoishia 13 huanzia 6 na inayoishia 10 huanzia 4, kwa hiyo mwenye namba 5 asichukue ya 13 kwa sababu tu imepunguzwa bei. Breki, mikono inayoisimamisha ski ikikutoka mguuni, nayo ilingane na kiuno cha ski (upana wake wa katikati) au izidi hadi milimita 15. Ikizidi zaidi hukwaruza theluji ukiinamia upande.

Kufunga mwachie fundi wa duka la ski, lakini mkague. Ski yenye bati ndani hutobolewa kwa biti ya milimita 4.1 × 9 (unene kwa kina), isiyo na bati 3.6 × 9. Tundu jipya likae walau milimita 10 kutoka la zamani. Gundi ya mbao isiyoingiza maji, kisha bisibisi ya PZ3. Ya nyota ya kawaida hula kichwa cha skrubu. Kwenye Shift, bamba lililo chini ya ncha ya buti lirekebishwe hadi karatasi ivutike kwa ugumu kidogo bila kuchanika. Likikaa vibaya, buti hutoka wakati usiotakiwa. Msukumo wa mbele, yaani jinsi sehemu ya kisigino inavyolisukuma buti kwenda mbele, nao upimwe kila unapobadilisha buti.

Mlimani, kinachosumbua zaidi ni barafu. Ikijaa kwenye matundu ya buti, pini haziingii sawasawa na buti huchomoka. Itoe barafu hiyo kwa kijiti kabla ya kukanyaga. Na usishuke taya ya pini ikiwa kwenye kufuli la kupandia: hapo kibanio hakiachii.

Kwa mitumba, pigia duka kwanza. Marekani na Kanada, maduka mengi hukataa kupima kibanio kilichoondolewa kwenye orodha ya vile ambavyo mtengenezaji bado anavibebea dhamana.

Ukiulizwa kutoka mbali, omba picha nne: soli ya buti, ncha yake kwa upande yaonekane matundu, urefu wa soli kwa milimita uliochapwa kisiginoni, na vipimo vya upana vilivyoandikwa kwenye ski. Uzito, urefu na umri wake aandike mwenyewe, bila kujipunguzia kilo.