Jinsi ya kuomba kuliuzia jeshi bidhaa, na kudai malipo yako: kwa wafanyabiashara wa Lubumbashi

Mwenye depo ya unga katika mtaa wa Kenya ana haki ya kuliuzia jeshi bila kujuana na ofisa yeyote. Anachohitaji ni makaratasi yaliyonyooka.

Anzia guichet unique, ofisi ya kusajili biashara, upate RCCM (nambari ya usajili wa biashara), Id. Nat. (nambari ya kitambulisho cha taifa cha biashara) na nambari ya kodi. Kisha omba cheti cha DGI, idara ya kodi, kwamba hudaiwi kodi, na cha CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwamba unawalipia wafanyakazi wako michango. Angalia tarehe zake: cheti kilichokwisha muda kinaweza kuiangusha ofa yako hata kama bei yako ndiyo nafuu.

Fuatilia matangazo ya zabuni. Sheria ya masoko ya serikali, yaani manunuzi ya umma, ya tarehe 27 Aprili 2010 inataka ushindani, lakini inaweka kando mikataba ya ulinzi inayohitaji siri. Mimi nasema unga na sabuni si siri ya vita, na tunapaswa kulisema hilo wazi.

Katika bei weka TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16% ikiwa bidhaa yako inatozwa, usafiri kama unga unatoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na miezi ya kungoja pesa.

Wengi wanaumia wakati wa kupeleka mzigo. Simu inalia: "Papa, leta mifuko leo, askari wana njaa, karatasi zitakuja nyuma." Usipakie. Ngoja agizo la maandishi lenye sahihi na muhuri, maana bila hilo huna deni la kudai. Kambini, mifuko ihesabiwe na kupimwa mbele yako, na kila anayetia sahihi kwenye hati ya kupokea aandike jina kamili, cheo na tarehe. Kikosi kikihamishwa, sahihi isiyo na jina haina mwenyewe. Mifuko ikikataliwa kwa unyevu, idadi na sababu ziandikwe humo humo. Usitoke getini bila nakala yako.

Sasa andika ombi la malipo, ukiambatanisha ankara, agizo na hati ya kupokea. Dosye, yaani faili lako, hupita hatua nne: fedha kutengwa, deni kuhakikiwa, malipo kuamriwa, kisha kulipwa. Ukiuliza tu "dosye yangu iko wapi?" utajibiwa "iko Kinshasa". Uliza imehakikiwa tarehe gani na kwa nambari gani. Hapo mtu atalazimika kufungua daftari. Deni la mifuko michache linaweza kumfilisi mama mwenye duka moja, kwa hiyo usione haya kurudi na kuuliza tena.

Ofa yako ikikataliwa na huridhiki, lalamika haraka kwa maandishi kwa ofisi iliyotoa zabuni, kwa kuwa muda wa kulalamika ni mfupi. Usiporidhika na jibu, nenda ARMP, mamlaka inayosimamia manunuzi ya umma. Kila barua ipeleke nakala mbili: moja wabaki nayo, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo.