Somo: Kamelia ndani ya Dodoma, mahali pa kuiweka na namna ya kuitunza

Habari za leo ndugu wanachama. Kamelia, kichaka cha maua, ni ndugu wa mchai, na undugu huo unatuambia inapenda nini: udongo wenye uchachu, mvua za kutosha, hewa yenye unyevu, jua lisilo kali. Ndiyo maana chai imestawi Mufindi, Njombe na Rungwe. Dodoma tunapata mvua ya wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, halafu ni ukame na upepo. Hata hivyo kamelia inaweza kuishi hapa, mradi mwenye nyumba aanze na upepo na maji kabla ya kufikiria mbolea.

Hatua ya kwanza: mahali. Hapa msiharakishe. Vitabu vingi vinasema kamelia ipate jua la asubuhi na kivuli cha mchana, kwa hiyo mtu anaipeleka upande wa mashariki wa nyumba. Jua ni sawa, lakini upepo wetu wa kiangazi nao unavuma kutoka mashariki na kusini-mashariki, na ndio unaokausha majani na kuangusha matumba ya maua. Mahali pazuri ni kati ya nyumba na ukuta wa fensi wa mashariki: ukuta unazuia upepo, nyumba inazuia jua la kuanzia saa saba. Kama fensi yako ni ya waya, panda ua mzito wa michongoma kwanza, au funga neti ya kivuli upande huo.

Chini ya mwarobaini pana kivuli kizuri, ila mizizi yake ina kiu. Ukiweka chungu hapo, kiinue juu ya matofali, mizizi ya mti isipenye kwenye matundu ya chini.

Jambo jingine ni kifusi. Nyumba nyingi za Iyumbu, Nzuguni na Ilazo ni mpya, na pembeni mwa kuta kumefukiwa mabaki ya saruji. Chokaa iliyomo huyeyuka na kuupa udongo magadi, yaani kinyume cha uchachu, na kamelia hainyonyi chuma vizuri kwenye udongo wa namna hiyo. Inahitaji pH (kipimo cha uchachu na magadi) kati ya 5.5 na 6.5. Kwa sababu hiyo, kwa Dodoma mjini nashauri chungu, wala si ardhini.

Hatua ya pili: chungu na kupanda. Pipa la plastiki lililokatwa nusu linafaa. Chagua la rangi nyepesi, maana jeusi hupika mizizi. Toboa matundu mengi chini. Changanya sehemu mbili za mboji ya majani iliyooza kabisa, moja ya udongo mwekundu wa juu, na moja ya mchanga wa mtoni uliosuuzwa vizuri. Samadi mbichi na majivu visikaribie kabisa.

Mche ukifika kutoka nyanda za juu, ukae kivulini wiki mbili ndipo uhamishwe. Panda mvua zikishaanza. Shingo ya mche ibaki juu ya udongo kwa vidole viwili, ukiifukia, inaoza. Funika juu kwa maganda ya karanga, unene wa vidole vinne, yasiguse shina. Kagua mchwa kila wiki.

Hatua ya tatu: maji. Tazama birika lako. Likiwa na utando mweupe ndani, maji yako yana chokaa, na ukimwagilia hayo miezi kadhaa majani yataanza kugeuka njano. Kinga maji ya mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, kwa hiyo hata kibanda kidogo cha jikoni kinajaza simtanki. Maji ya kufulia msiyatumie, sabuni ina magadi. Ingiza kidole: juu pakiwa pakavu hadi kiungo cha kwanza, mwagilia mpaka maji yatoke chini.

Mbolea na kupogoa havina mengi. SA (mbolea ya salfeti ya amonia) kijiko kimoja cha chai kwenye lita 10 za maji, mara moja kwa mwezi, Desemba hadi Machi. Pogoa mara tu maua yanapoisha. Ukichelewa unakata matumba ya mwaka unaofuata.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, majani yangu yamekuwa njano lakini mishipa bado kijani. Niongeze mbolea?
Hapana dada. Huo ni upungufu wa chuma, na chanzo chake karibu kila mara ni maji au saruji. Badili maji kwanza, kisha nyunyizia busta (mbolea ya maji ya kunyunyizia majani) yenye madini ya chuma. Majani mapya ndiyo yatakayokuonyesha kama mmea umepona.

Naweza kukamulia ndimu kwenye maji ya kisima?
Ndimu inapunguza magadi ya maji ya siku hiyo. Chumvi inabaki, na inazidi kujikusanya kwenye chungu.

Na makapi ya chai?
Tandaza kidogo juu ya udongo, yasiwe na sukari wala maziwa, yataleta siafu na sisimizi. Ni matandazo tu, hayatibu udongo wenye magadi.

Matumba yanadondoka kabla ya kufunguka. Shikamoo mwalimu, nisaidie.
Marahaba mwanangu. Chungu kilikauka, kisha kikalowa ghafla, au kilihamishwa matumba yakiwa yameshatokea. Juni hadi Agosti, usiku wetu unapokuwa wa baridi, usikisogeze na usiruke zamu ya maji.

Niko Kondoa, milimani. Na mimi nitumie chungu?
Huko juu ni baridi zaidi, jaribu ardhini. Pima pH kwanza, chimba shimo pana mara mbili ya mizizi, na kaa mbali na ukuta wa nyumba.

Nina mapipa mawili tu ya lita 200. Yatafika Novemba?
Kwa chungu kimoja, ndiyo. Lita tano mara mbili kwa wiki, kwa wiki 30 za kiangazi, ni lita 300. Lita 100 zinazobaki zihifadhi kwa Oktoba, joto linapopanda na chungu kikahitaji maji mara tatu kwa wiki. Yafunike vizuri, mbu wasizaliane.