Uende Nyero mwezi gani? Hatua kwa hatua, kutoka kwa dereva anayeijua njia

Julai ikikaribia kwisha, simu yangu haipoi. "Kaka, shule zinafungwa, tunataka kuvuka na watoto tuione ile michoro ya miambani. Agosti si ni kiangazi huko?"

Hapana. Agosti huko Teso, eneo iliko Nyero, ni mvua.

Nakaa Tororo na kazi yangu ni kuendesha gari la wageni, wengi wao wakiingilia mpaka wa Malaba au Busia. Nyero nimekwenda kwenye jua la Februari na kwenye tope la Mei. Nimerudi na wageni wenye furaha, na nimerudi na walionuna hadi mpakani. Siku hizi sipokei safari ya Nyero kabla sijapitia hatua hizi, na nawe unaweza kuzipitia mwenyewe bila mimi.

Kwa asiyepajua: Nyero ni vilima vya mawe matupu katika Wilaya ya Kumi, mashariki mwa Uganda, kilomita nane hivi kutoka mji wa Kumi kwa barabara ya Ngora. Chini ya mawe hayo kuna mapango sita yasiyo na kina, zaidi ni kuta zilizofunikwa na mwamba kama baraza, na matatu kati yake ndiyo wageni huonyeshwa. Michoro ilichorwa na wawindaji waliokaa hapa zamani, kabla Waiteso hawajafika. Wengi huwahusisha na mababu wa Batwa. Tangu 1997 Nyero na maeneo mengine ya michoro ya mashariki mwa Uganda yamo katika orodha ya Uganda ya kusubiri kuingizwa Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Hatua ya 1: Kalenda ya kwenu iache mpakani

Hapa ndipo safari nyingi huharibikia, basi nivumilie.

Mtu wa Nairobi anajua Julai na Agosti ni baridi na ukavu. Mtu wa Mombasa ana masika yake na vuli yake. Wa Dodoma mvua yake ni moja tu kwa mwaka. Kila mmoja huja na hesabu ya kwao akidhani mawingu ya Afrika Mashariki yana ratiba moja. Teso iko kaskazini kidogo ya ikweta, imezungukwa na maji na vinamasi vya Ziwa Kyoga, na mvua zake zina mwendo wake. Za kwanza huanza Machi ikielekea kwisha, hukolea Aprili na Mei. Juni hupumua. Agosti zinarudi, zinaendelea Septemba na Oktoba, na miaka mingine zinaila Novemba nusu. Ukavu wa kweli ni Desemba hadi Februari.

Ukiuliza kwenye kampuni za safari, karibu wote watakwambia njoo Desemba hadi Februari. Kwa upande wa barabara wako sawa: tairi halizami, jiwe halitelezi. Ila mwezi wa pili joto la mchana kufika nyuzi 34 si ajabu, na mwamba mtupu hulihifadhi hilo joto kama chungu kilichotoka motoni. Nyasi zimechomwa. Moshi wa moto wa porini na vumbi hutanda mpaka ukasahau kwamba kuna mlima karibu. Niliwahi kumpeleka mzee mmoja wa Mombasa, mpiga picha hodari, Februari katikati. Aliangalia upande wa Elgon, akaniangalia mimi, akauliza, "Mwanangu, huo mlima ulionisifia njia nzima uko wapi?"

Chaguo langu la kwanza ni kuanzia katikati ya Juni hadi wiki ya pili au ya tatu ya Julai. La pili ni mwisho wa Novemba hadi siku chache kabla ya Krismasi. Hii ni mianya, si misimu kamili. Mvua imetoka juzi, hewa imeoshwa, ardhi imeshikana, na jua halijaanza ukorofi. Asubuhi njema ukipanda juu ya mawe, Elgon inakaa kusini-mashariki ya samawati, nzima. Juni na Julai pia ni wakati wa kuvuna njugu na wimbi, kwa hiyo hata kibanda cha chakula pale Kumi kina atapa, ugali wa huko, ya unga mpya. Hilo peke yake lingenitosha.

Hatua ya 2: Jiulize unakwenda kuangalia nini

Watu husema "kuona Nyero" kana kwamba ni kitu kimoja.

Kama ni mandhari unayoitaka, yaani mawe, anga, nyanda za Teso hadi macho yachoke, basi fuata hewa safi: mianya miwili niliyoitaja, au hata Mei, asubuhi inayofuata usiku wa mvua, ukiwa na moyo wa kuthubutu.

Kama ni michoro yenyewe, mambo yanabadilika, maana hapo unashughulika na mwanga. Pango la kwanza ni dogo na michoro yake ni myeupe: duara ndani ya duara, na umbo refu ambalo wengine hulifananisha na ganda la mgunga. La pili ndilo mama yao. Ukuta umesimama kwenda juu, jiwe kubwa limeuezeka, na michoro mingi ni myekundu, rangi ya madini ya chuma: duara nyingi, na maumbo marefu kama mitumbwi. Lakini wekundu huo umefifia. Mgeni wa kwanza kufika hapo kwa kawaida husimama kimya dakika nzima, kisha huuliza kwa sauti ya chini, "Iko wapi?" Unamwonyesha duara moja. Akishaiona hiyo, jicho linafunguka, anaanza kuhesabu mwenyewe. Hapo mimi hukaa kando.

Sasa, jua kali likipiga mawe ya nje, ukuta ulio kivulini hugeuka giza. Jicho limebanwa na mng'aro, na simu nayo inachanganyikiwa: ama nje panakuwa karatasi nyeupe, ama ndani panakuwa masizi. Asubuhi ya mawingu mepesi mwanga huenea sawasawa, na duara zinajitokeza moja moja. Ndiyo maana kwa mpenda michoro nasema Juni au Julai, siku ambayo mgeni mwingine angelalamika kwamba jua halipo. Mwenye kamera anaweza pia kutafuta programu iitwayo DStretch, ambayo huchukua picha na kukoleza rangi zilizofifia. Nimeona ukuta uliokuwa kama mtupu ukijaa michoro kwenye skrini.

Hatua ya 3: Ikague njia yote

Nyero inaweza kuwa kavu kabisa nawe usifike. Ukitoka Malaba unapita Tororo, kisha Mbale, kisha Kumi, lami tupu. Mbale imekaa chini ya ukuta wa Wanale, na maji yanayomwagika mlimani hupita mjini. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, watu zaidi ya 20 wakafa. Kumbuka tarehe hiyo unaposoma mahali kwamba Julai yote ni salama. Kwangu mwanya wa Juni na Julai unafungwa kabla ya wiki ya mwisho, na sababu ni hiyo. Wewe unayetaka kuunganisha Nyero na Soroti, ulizia pia hali ya daraja la Awoja. Mafuriko ya 2007 Teso yalikata barabara nyingi na wazee bado wanayahesabia miaka.

Halafu kuna watu. Kuelekea tarehe 3 Juni, siku ya Mashahidi wa Uganda, mahujaji wanaotembea kwa miguu kwenda Namugongo hujaa barabarani, wengine wakitoka Kenya, na mpakani foleni huwa ndefu. Subiri wiki moja ipite. Na katika miaka inayogawanyika kwa mbili, kama 2026 na 2028, Agosti ni Imbalu, tohara ya Wamasaba. Mbale utakuta kadodi, ngoma ya tohara hiyo, inapigwa katikati ya barabara na vijana waliopakwa unga wanacheza, nawe umezima injini unangoja. Kwa wageni wengine hilo ni bonasi. Kwa mwenye kutaka kufika Nyero saa mbili asubuhi ni balaa.

Hatua ya 4: Utabiri, kisha simu

Kabla ya kila msimu, kituo cha hali ya hewa cha IGAD, jumuiya ya nchi za kanda yetu, yaani ICPAC, hutoa mwelekeo wa mvua kwa kanda nzima: Machi hadi Mei, Juni hadi Septemba, na Oktoba hadi Desemba. Wataalamu wa hali ya hewa wa serikali ya Uganda hutoa wao ukiwa umegawanywa kwa maeneo. Soma sehemu ya Teso, usiishie kwenye kichwa cha habari. Ukiona wanataja El Niño, au Bahari ya Hindi kuwa na joto zaidi upande wetu, lile chaguo la Novemba na Desemba lifute. Mwaka 2019 mvua hazikujua Krismasi ni nini.

Siku mbili kabla ya kuondoka, piga simu kwa mtu aliye Kumi. Hoteli unayolala inatosha. Usimuulize "hali ya hewa ikoje", atakujibu "nzuri tu". Muulize mvua ya mwisho imenyesha lini na saa ngapi. Jibu la "jana, saa kumi" lina faida kuliko programu zote za kwenye simu.

Hatua ya 5: Chagua saa

Karibu na ikweta urefu wa siku haubadiliki sana. Jua la Kumi huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu hivi na saa moja kasoro, mwaka mzima. Kinachobadilika ni kile kinachopikwa angani mchana. Miezi ya mvua, asubuhi huwa shwari, saa nane mawingu yamerundikana, saa kumi radi. Kwa hiyo lala Mbale au Kumi, fika mawe saa mbili, saa tano uwe umemaliza. Februari fanya hivyohivyo, sababu ikiwa joto.

Agosti moja nililipuuza hili. Nilikuwa na familia ya watu sita, tumechelewa mpakani, tumekula Mbale bila haraka. Tulipokaribia, saa nane, tulimkuta mama mmoja aliyekuwa ametandaza muhogo juu ya jiwe bapa, vipande vyeupe vimejipanga kama meno. Alikuwa anaukusanya mbio mbio kwenye gunia, mjukuu wake akifagia chengachenga kwa mkono. Nikamsalimu kwa Kiteso, "Yoga, toto," yaani hujambo mama. Akaitikia, akanyoosha kidole upande wa ziwa, akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Mwanangu, rudi. Maji inakuja." Anga juu yetu lilikuwa la buluu. Nikacheka kwa adabu, na ili kuokoa muda nikakata njia ya mkato niliyokuwa naiona kila siku. Dakika ishirini baadaye gari lilikuwa limezama hadi ekseli kwenye udongo mweusi, mvua inapiga paa, watoto wanalia, na baba yao ananiuliza kwa upole mbaya kama hii ndiyo Nyero. Vijana wanane walitutoa jioni. Michoro hatukuiona.

Tangu siku hiyo naangalia muhogo. Ukiwa umetandazwa na hakuna mtu karibu, naendelea na safari. Akina mama wakianza kuinama na magunia, nageuza gari.

Hatua ya 6: Mzigo kulingana na mwezi

Juni na Julai: koti jepesi, viatu vyenye meno. Desemba hadi Februari: maji lita mbili kwa mtu, kofia, kitambaa cha vumbi. Miezi ya mvua: hayo yote pamoja na nguo za kubadilisha, na dereva asiyependa njia za mkato.

Hatua ya 7: Ukishafika

Lipa kiingilio na umchukue kijana wa kukuongoza hata kama unajiona mjuzi. Pango la tatu liko mbali kidogo na mengine, na bila mwenyeji utalipita.

Usiguse ukuta. Wala usiumwagie maji ili rangi ikolee, ujanja ambao wapiga picha wa zamani waliupenda. Inakolea kwa dakika tano, kisha maji yanaacha chumvi juu ya rangi. Nimeona mgeni akifungua chupa, akapokonywa na mwongozaji kabla tone halijatoka. Sikumtetea.

Mawe yakiwa na maji usipande juu. Ukisikia radi, hata ya mbali, shuka na urudi garini, usijifiche chini ya jiwe. Lakini ikiwa ni manyunyu tu, bila ngurumo, ingia pango la pili ukae. Wazee wa pale husimulia kwamba watu walikuja hapohapo na matoleo kuomba mvua. Tulia, acha jicho lizoee kivuli, uanze na ile duara ya kwanza.