Kubadili raketi ya tenisi kadiri unavyopanda kiwango: hatua kwa hatua, kwa wachezaji wa Arusha na Moshi

Wadau habari zenu. Mimi nafundisha tenisi hapa Arusha na nafunga nyuzi pia, kwa hiyo raketi nyingi za huku kwetu zinapita mikononi mwangu, na swali nnaloulizwa kila wakati ni "kochi, sasa ninunue raketi gani?" Mi huwa nauliza kwanza, mpira wako unaangukia wapi? Raketi haibadilishwi kwa sababu mwaka umeisha au Alcaraz, yule nyota wa tenisi, kaonekana na raketi ya rangi mpya, inabadilishwa pale mkono ukishaizidi, na hilo utaliona kwenye mpira. Na hata ukishaliona hukimbilii dukani, unabadili kitu kimoja kimoja ukianza na kile cha hela ndogo, fremu inakuja mwisho kabisa.

Hatua ya 1: Ijue hiyo uliyonayo

Ipime. Mizani ya jikoni ile ya kupimia unga wa keki inatosha kabisa. Ujue kwamba gramu zilizoandikwa kwenye fremu mara nyingi ni za raketi isiyo na nyuzi, nyuzi zinaongeza kama gramu 15 hadi 18, ovagripi (ule mkanda mwembamba wa kuzungushia juu ya mshiko) kama 5, kwa hiyo raketi ya 285 ukiishika kortini ni zaidi ya 300. Alafu tafuta inapobalansi: ilaze juu ya ukingo mwembamba kama rula iliyosimamishwa, isogeze mpaka itulie bila kuanguka, weka alama, pima kutoka kitakoni mwa mshiko. Raketi ya kawaida ya mtu mzima ni inchi 27, yaani sentimita 68.5, nusu yake ni 34.25. Ikibalansi juu ya hapo basi kichwa ndo kizito, ikiwa chini ya hapo uzito uko mkononi. Andika hizo namba kwenye simu, utazihitaji.

Angalia na ukubwa wa kichwa, umeandikwa kwenye fremu kwa inchi za mraba, 110, 105, 100, 98 na kadhalika.

Hatua ya 2: Soma mpira

Cheza wiki kadhaa ukiangalia vitu hivi tu:

- Unapiga foahendi kwa swingi nzima, umeipiga vizuri kabisa katikati, bado inatoka nje nyuma. Ukipunguza swingi inaingia. Hapo raketi inakusukumia mpira kuliko unavyotaka, na ni kawaida sana kwa aliyeanza na kichwa cha 110 chenye fremu nene halafu mkono ukaja kupata nguvu zake.
- Mtu akikupiga mpira mzito, hasa ukiwa kwenye neti unapiga voli, raketi inajizungusha mkononi. Raketi nyepesi mno.
- Seti ya kwanza uko vizuri, ya pili unachelewa, bega linavuta, sevu inaangukia kwenye neti. Raketi nzito mno, au kichwa kizito.
- Kiwiko kinauma. Hili usilisubirishe, mara nyingi shida ni nyuzi au gripi, nenda moja kwa moja hatua ya 3 na 4, na maumivu yakiendelea muone daktari.

Kama hakuna hata kimoja, huna sababu ya kubadili. Hela yako tumia kwa mipira mipya na saa za korti.

Hatua ya 3: Gripi, yaani unene wa mshiko

Shika raketi kama unapiga foahendi ya kawaida, kati ya ncha za vidole na kiganja paache nafasi ya kupitisha kidole cha shahada cha mkono mwingine. Kidole hakipiti, gripi ndogo. Kinapwaya, gripi kubwa. Ovagripi moja inaongeza karibu nusu sizi kwa hiyo ndogo inatibika, kubwa kuipunguza ni kazi, ndo maana ukiwa katikati ya sizi mbili chukua ndogo.

Hatua ya 4: Nyuzi, na hapa tulia kidogo

Nyuzi ndo zinazogusa mpira na bado mtu atatafuta fremu ya mamilioni wakati anachezea nyuzi za tangu kiwandani zimelegea kama neti ya kuvulia. Kanuni ya mafundi wengi ni hii, mara unazocheza kwa wiki ndo mara za kubadili nyuzi kwa mwaka, ukicheza mara tatu kwa wiki basi badili mara tatu kwa mwaka hata kama hazijakatika. Poliesta, zile nyuzi ngumu za plastiki, ndo kabisa, inakufa mapema inakuwa ngumu haivuti tena mpira, wewe unaona haijakatika unaendelea kuumiza mkono.

Aina: anayeanza, mtoto, na mwenye kiwiko kinachosumbua, mpe sintetiki ya kawaida (nailoni) au malti, ule uzi laini uliosokotwa kwa nyuzinyuzi nyingi. Poliesta ni ya mtu mwenye swingi ndefu ya haraka anayepiga topspini (mpira unaozunguka kwenda mbele) na anakata nyuzi mara kwa mara. Ukitaka kuionja bila kuumia, omba fundi akuwekee poliesta kwenye nyuzi za wima na sintetiki kwenye za kulala.

Sasa mkazo wa nyuzi, unaopimwa kwa paundi, na hapa ndo suala la mahali tulipo linaingia. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, haiukamati mpira, na upepo uliofungiwa ndani ya mpira unakuwa na presha zaidi ukilinganisha na hewa ya nje, kwa hiyo mpira wa kawaida unaruka juu na unaenda mbali. Sheria za ITF, shirikisho la tenisi la dunia, zenyewe zinalitambua hilo, kwenye viwanja vya zaidi ya mita 1,219 wameruhusu mipira maalumu ya sehemu za juu. Sisi madukani tunapata ile ya kawaida. Kwa hiyo mchezaji wa Arusha anayeona mipira inatoka nje asilaumu raketi kwanza, apandishe mkazo paundi mbili hivi, kama alikuwa 52 aweke 54, acheze wiki mbili aone. Nimeona watu wengi tatizo likaishia hapo hapo na fremu wakabaki nayo.

Na kinyume chake, ukishuka Moshi kucheza, ambako hata mita 1,000 hapafiki, mpira uleule unakuwa mfupi. Barabara ni kilomita 80 tu lakini foahendi inayofika karibu na mstari wa nyuma Arusha, kule inaangukia fupi zaidi. Mwenye raketi mbili aiache moja na mkazo wa chini kwa ajili ya Moshi.

Usiache raketi kwenye gari juani, joto linalegeza nyuzi.

Hatua ya 5: Ongeza uzito kidogo kabla ya kununua nzito

Kama shida yako ni raketi kujizungusha, tafuta tepu ya madini ya risasi, bandika gramu 2 kila upande wa kichwa, pale upana ulipo mkubwa, kulia na kushoto. Cheza. Bado, ongeza moja moja. Ukivuka gramu 6 na bado unataka zaidi, sasa hapo ndo una sababu ya kununua nzito na unajua kabisa unatafuta uzito gani. Ukimaliza kuishika nawa mikono, risasi ni sumu.

Hatua ya 6: Fremu

Ukifika hapa panda ngazi moja tu. Kutoka 110 au 105 ya gramu 260 nenda 100 ya kati ya 280 na 300. Kwenye 100 kaa miaka, wachezaji wengi wazuri hawatoki hapo na hawana sababu ya kutoka. Ile 98 au 95 ya gramu 305 kwenda juu, tena yenye nyuzi 18 kwa 20 (18 za wima, 20 za kulala), inataka uwe unagonga katikati karibu kila mara na bega liwe limejengwa.

Watoto ni habari nyingine, wao wanapanda kwa urefu: inchi 21, 23, 25, 26. Mtoto asimame wima mkono umening'inia umeshika raketi, kichwa cha raketi kikaribie ardhi bila kuburuza. Mzazi naomba sana usimnunulie kubwa "akue nayo" kama sweta ya shule, atajifunza kupiga kwa kifundo cha mkono na kuja kumrekebisha ni kazi ya miaka.

Kujaribu: azima kwa mchezaji mwenzio. Weka chupa za maji kwenye mstari wa sevu wa upande wa pili, piga mipira 30 kwa raketi ya zamani na 30 kwa mpya, hesabu iliyovuka chupa na ikabaki ndani. Alafu sevu za pili 20 kila moja. Rudia ukiwa umechoka mwisho wa mazoezi, hayo matokeo ya uchovu ndo uyaamini.

Ukinunua mtumba

Kwenye masoko ya Kilombero au Memorial unaweza kukutana na kitu kizuri kabisa. Pitisha kucha kuzunguka fremu yote, hasa juu kichwani na pale inapogawanyika kuelekea mshiko, ufa unausikia kabla hujauona. Igonge kwa kiganja, ikilia kama kuna kitu kimeachia ndani, irudishe. Angalia vile viplastiki vinavyopitisha nyuzi, vikiwa vimekatika uliza kwanza fundi kama vinapatikana. Nyuzi zake za zamani kata kuanzia katikati kwenda nje, usikate upande mmoja ukaacha mwingine umekaza, fremu inajipinda.

Hatua ya 7: Lini uanze nayo

Kipindi hamna mashindano. Federer mwenyewe, yule bingwa wa zamani, mwaka 2013 alijaribu kichwa cha 98 katikati ya msimu, kwenye mashindano ya Hamburg na Gstaad, akarudi kwenye 90 yake, akaja kuhama moja kwa moja kwenye kichwa kikubwa mwaka 2014 baada ya mapumziko ya msimu. Kwetu masika ndo muda mzuri, korti zinalowa na ratiba inakuwa nyepesi. Wiki ya kwanza cheza karibu na neti na mipira ya taratibu, ya pili rudi nyuma, sevu kwa nguvu zote iache mpaka ya tatu. Ile ya zamani usiiuze mpaka miezi miwili mitatu ipite, na ukishaiuza hela yake weka kwenye raketi ya pili inayofanana na hiyo mpya kwa uzito, balansi na nyuzi, maana uzi ukikatika 4-4 huwezi kumalizia seti na raketi ya tabia nyingine.