Kuunga jenereta dogo kwenye umeme wa nyumba bila kuhatarisha mtu, hatua kwa hatua

Habari za kazi ndugu zangu. Mimi ni fundi umeme wa majumbani hapa Mbeya, mwaka wa 14 huu, na kila mwaka mvua zikianza Novemba na radi zake simu hazikauki, "fundi umeme umekata toka jana usiku, nimenunua jenereta, nichomeke wapi?" Hilo neno nichomeke ndo linanitisha, maana jenereta halichomekwi kwenye soketi ya ukutani hata siku moja. Soketi ni ya kutoa umeme, sio ya kuingiza.

Miaka michache nyuma niliitwa nyumba moja maeneo ya Uyole. Nafika nakuta waya wa kama mita nne, huku plagi na huku plagi, zote za pini tatu, umezungushiwa tepu nyeusi kwa ustadi kabisa. Pini za upande mmoja zimeungua hadi shaba imebadilika rangi. Mzee mwenye nyumba akaniambia "mwanangu, siku zote nazima meni swichi kwanza, juzi nilikuwa na homa nikasahau". Umeme ukarudi jenereta linanguruma, vikakutana, koili za jenereta zikaungua zote na ukuta wa soketi ukapata moto. Yeye alipona, namshukuru Mungu. Ila yule mzee hakuwa mzembe, alikuwa na utaratibu mzuri tu, shida utaratibu wenyewe unategemea kichwa cha mtu na kichwa cha mtu kinaumwa, kinachoka, kinaharakishwa. Ndo maana mimi nasisitiza chenjiova, yaani swichi ya kuchagua umeme wa TANESCO au wa jenereta, isiyoruhusu vyote viwili kwa pamoja.

Na kuna mtu mwingine hapo ambae hamumuoni. Transfoma ya mtaani inashusha umeme kutoka volti 11,000 au 33,000 mpaka hizi 230 za kwako, lakini transfoma haijui mbele wala nyuma, ukiipa 230 kwa upande wa nyumba inapandisha kurudi kule juu. Sasa kuna kijana wa TANESCO yuko kwenye nguzo, mvua inanyesha, anashika waya anaojua umekatwa. Kuna wanaoniambia jenereta dogo litazidiwa na mzigo wa mtaa mzima lizime lenyewe. Mara nyingi kweli linazima. Lakini kama waya umekatikia hapo kwenye kona yenu na upande wenu kuna nyumba mbili tu, halizimi, linaendelea kusukuma. Na mita ya LUKU usiitegemee kama swichi, haikuwekwa kwa kazi hiyo.

Kwahiyo kazi yote tunayofanya hapa chini ni moja, umeme wa TANESCO na wa jenereta usiweze kukutana hata ukisahau, hata mtoto akicheza na swichi.

Hatua ya 1: jua mzigo wako, na jua kwamba uko milimani

Chukua daftari uandike vitu utakavyowasha umeme ukikata. Taa nane za LED za wati 9 ni wati 72. TV na king'amuzi weka 120. Friji la kawaida ukiweka 150 sio mbaya, ila likianza kuzunguka linavuta mara tatu hadi tano ya hapo kwa sekunde chache. Pampu ya maji ya hospawa moja ni kama wati 750 na ikianza inaweza kudai zaidi ya 2,000. Pasi, jagi la kuchemshia maji na hita ya kuogea viondoe kabisa kwenye hesabu, hita ya bombani peke yake inakula kuliko jenereta zima.

Alafu hapa ndo watu wa nyanda za juu tunapoumia na muuzaji wa dukani hakuambii. Injini ya petroli inavuta hewa, na huku kwetu hewa ni nyepesi. Kwa kawaida inapoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kila ukipanda mita 300. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, kwahiyo piga hesabu umepoteza karibu asilimia 20. Jenereta lililoandikwa kilowati 2.5 hapa linakupa 2 hivi. Iringa mjini mnapoteza pungufu kidogo, Njombe na Makete mnapoteza zaidi. Na usisome ile namba kubwa ya kwenye boksi, hiyo ni ya muda mfupi, soma namba ya kufanya kazi mfululizo kwenye kibati cha jenereta lenyewe. Ukiona linatoa moshi mweusi na plagi ya injini inajaa masizi, kabureta inaingiza petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, mpelekee fundi wa injini aangalie jeti, kale katundu ka kupitishia petroli.

Hatua ya 2: litakaa wapi

Nje. Sio kwenye korido, sio stoo yenye dirisha, sio gereji hata mlango ukiwa wazi, sio baraza lililozungushwa ukuta. Mita sita au zaidi kutoka kwenye milango na madirisha, na bomba la moshi lielekee upande usio na nyumba, ya kwako wala ya jirani.

Najua kwanini watu wanaliingiza ndani, wezi, na mvua. Na mwezi wa sita na wa saba baridi ya huku kila mtu anafunga madirisha. Lakini moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, ni sumu isiyo na rangi wala harufu, ndio ile ile inayowaondoa watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Inaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mtu anadhani ni malaria au uchovu anajilaza, na akilala ndo basi. Nilishawahi kuingia saluni moja Mwanjelwa kurekebisha soketi, jenereta liko kwenye kauchochoro ka nyuma, dada anasuka huku analalamika kichwa toka asubuhi, mteja wake nae anasema hivyo hivyo. Wawili kwa pamoja! Nikawatoa nje wote kabla sijagusa kitu. Mkiumwa kichwa zaidi ya mmoja wakati jenereta linawaka, tokeni nje kwanza, anayezidiwa apelekwe hospitali, maswali baadae.

Kwa wezi, funga mnyororo kwenye nondo iliyozikwa kwenye zege. Kwa mvua, jenga kibanda cha bati chenye paa tu na pande wazi, chini pawe pameinuka maji yasituame. Wa Tukuyu mnanielewa zaidi hapo.

Kabla ya hatua ya 3, kama hela haijafika

Chenjiova na fundi ni gharama, naelewa. Basi usiunge nyumba kabisa. Chukua ekstensheni nene, ya kuhimili maji, yenye ethi (waya wa ardhini wa usalama), toka kwenye soketi ya jenereta moja kwa moja hadi kwenye friji na taa ya mezani. Kama ni ya kuzungushwa kwenye gurudumu ikunjue yote maana ikiwa imejiviringa inapata moto. Hiyo ni salama, na kwa familia nyingi inatosha.

Hatua ya 3: vifaa

Chenjiova ya mkono, ya poo mbili kwa nyumba ya fezi moja, yaani inakata laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya wa kuurudisha) kwa pamoja. Ya poo moja ikatae, inaacha nyutro ya jenereta imeungana na ya TANESCO. Iwe na nafasi tatu, I, 0 na II, ili lazima upite sifuri katikati. Ukubwa usiwe chini ya meni swichi yako, nyumba nyingi 63A inatosha. Nyumba ya fezi tatu inataka poo nne na mpangilio mwingine wa sakiti, hiyo kaa na fundi wako mezani kwanza.

Usikubali fundi akuwekee breka mbili za kawaida pembeni kwa pembeni akakwambia "hii ukiwasha ile zima". Hapo amekurudisha kwenye kichwa cha yule mzee wa Uyole. Lazima kuwe na chuma kinachozuia zote mbili zisiwake kwa pamoja.

Ongeza plagi ya ukutani ya nje yenye kifuniko, ile ya viwandani ya bluu, pini zikiwa upande wa ukuta, na waya laini wa kutoka kwenye jenereta wenye mdomo wa kike. Hivyo pini zinazoonekana hazina umeme kamwe jenereta likiwa limechomolewa. Breka ya upande wa jenereta ilingane na jenereta, KVA 2.5 ni karibu ampea 11 kwahiyo breka ya 10, KVA 5 ni karibu 22 kwahiyo ya 20. Waya milimita 2.5 kwa hilo dogo, 4 au 6 kwa hilo kubwa, kutegemea umbali.

Hatua ya 4: kuunga

Hapa sio pa mwenye nyumba. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, muombe akuoneshe, hatakasirika. Upande wa mita hata yeye hatakiwi kukata sili, umeme wa kuingilia unakatwa na TANESCO. Nakueleza ili ujue anachofanya.

Waya unaotoka LUKU unaingia nafasi ya I. Waya wa jenereta, kupitia breka yake, unaingia II. Matokeo yanakwenda kwenye meni swichi ya nyumba. Laivu mahali pa laivu, nyutro mahali pa nyutro, asipishanishe. Kabla ya kugusa chochote apime kwa mita ya mkononi ya kupimia umeme, sio tasta peke yake, tasta inadanganya, na aipime ile mita kwanza sehemu yenye umeme kuhakikisha ni nzima.

Mwambie akufungie pia taa ndogo ya kijani upande wa TANESCO wa chenjiova, kabla ya swichi. Utaona kazi yake mbele.

Hatua ya 5: ethi na nyutro, hapa mafundi wengi tunaparuka

Waya wa ethi haupiti kwenye chenjiova, haukatwi. Chuma cha mwili wa jenereta kinaungwa na ethi ya nyumba kupitia waya wa tatu wa ile kebo, na ethi rodi, ile nondo ya ethi iliyochomekwa ardhini, iwe imepimwa. Kiangazi cha huku, mwezi wa nane hadi wa kumi, ardhi inakauka na ethi inadhoofika, kwahiyo ipimwe kipindi hicho ndio utajua ukweli wake.

Sasa nyutro. Jenereta nyingi ndogo nyutro yake haijaungwa na ethi popote, inaelea. Ukiliunga hivyo kwenye nyumba yenye RCD, ile breka ya kukata umeme unapovuja, mtu akishika laivu RCD inaweza isikate, sababu umeme hauna njia ya kurudi kupitia ardhini ili iuhisi. Pima jenereta likiwa limezimwa na limechomolewa, mita iweke kwenye mlio, waya mmoja kwenye nyutro ya soketi yake mwingine kwenye ethi. Ikilia, imeungwa. Isipolia, fundi aunge nyutro na ethi sehemu moja tu, upande wa jenereta wa chenjiova. Sio kwenye bodi ya nyumba, na sio sehemu mbili. Asome na kitabu cha jenereta kwanza.

Na usidanganyike na kile kitufe cha kujaribu RCD. Kitufe kinakata hata kama nyutro inaelea, maana kinajijaribu chenyewe ndani kwa ndani. Fundi atumie kipimo cha RCD kwenye soketi, nyumba ikiwa kwenye jenereta.

Hatua ya 6: utaratibu wa siku umeme umekata

Andika karatasi ubandike pembeni ya chenjiova, dada wa nyumbani na watoto wakubwa wasome.

Zima breka zote ndogo. Chenjiova peleka 0. Chomeka kebo ya jenereta, kisha liwashe nje na liache dakika tatu lipate moto, asubuhi za baridi tano. Chenjiova peleka II. Washa breka moja moja, ukianza na inayovuta zaidi ikianza, friji kwanza, sikiliza injini itulie, ndo taa na TV. Pampu ya maji iende peke yake.

Ile taa ndogo ya kijani ikiwaka, TANESCO wamerudi. Usikimbilie, subiri dakika kumi utulie maana mara nyingi unarudi na kukata tena. Zima breka ndogo, chenjiova 0, kisha I, washa breka. Jenereta liache bila mzigo dakika mbili lipoe, ndo uzime.

Petroli haiongezwi linawaka, wala likiwa la moto. Zima, subiri robo saa, tumia faneli, na simu ya kumulikia iwe mbali na mdomo wa tenki. Dumu la akiba lisikae jikoni.

Mara moja kwa mwezi liwashe robo saa likiwa na mzigo kidogo, angalia oili kabla, na ukimaliza funga koki ya petroli uliache lijizime lenyewe ili kabureta ibaki kavu.